Tamati Iliyofutwa: Mashabiki wa Katuni, Vitabu vya Hesabu na Haki ya Umma

Wapo watakaoshangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kujadili bajeti, katiba na ajira, leo ukijadili katuni. Tena ni katuni ya anga za juu, yenye roboti, vyombo vya angani na kiumbe mdogo wa kijani mwenye uwezo wa kulipua sayari. Ninawaomba wavumilie. Nyuma ya katuni hiyo limejificha swali ambalo mtumishi wa umma, mwanaharakati na mwanafunzi wa sheria au uchumi hawataliepuka katika kazi zao: kitu ambacho watu wengi wamekipenda, wamekilipia na kukifanya sehemu ya maisha yao, ni mali ya nani? Na je, mwenye hati ya umiliki anaruhusiwa kukifuta, huku hazina ya serikali ikimpunguzia sehemu ya gharama za kukifuta?

Msimu uliokwisha, hadithi isiyokwisha

Tamthilia ya katuni iitwayo Final Space ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 26 Februari 2018 katika kituo cha TBS. Mtunzi wake, Olan Rogers, hakulelewa na studio kubwa. Alijijengea jina kwa kutengeneza video fupi na kuziweka YouTube, na wazo la hadithi hii lilianza huko huko. Mchekeshaji na mtangazaji mashuhuri Conan O'Brien, kupitia kampuni yake ya utayarishaji, ndiye aliyesaidia kulivusha wazo hilo hadi kwenye televisheni.

Mhusika mkuu, Gary Goodspeed, ni mfungwa anayetumikia kifungo cha miaka 5 peke yake ndani ya chombo cha angani, akiwa amezungukwa na mashine tu. Siku moja anampata Mooncake, kiumbe laini na mpole, asijue kwamba kiumbe huyo ni silaha ambayo watawala wakatili wanaitafuta kwa udi na uvumba. Kuanzia hapo hadithi inapanuka: urafiki, baba anayemtafuta mwanawe, usaliti, na vifo ambavyo havifutwi kwa mzaha katika kipindi kinachofuata. Mtazamaji aliyekuja kucheka alijikuta akiomboleza. Pengine hiyo ndiyo sababu mashabiki wake, ingawa hawakuwa wengi kama wa katuni nyingine kubwa, walishikamana nayo kwa uaminifu usio wa kawaida.

Msimu wa tatu, wenye vipindi 13, ulionyeshwa kuanzia Machi 2021 na kukamilika katikati ya Juni mwaka huo. Kipindi cha mwisho kilimwacha adui mkuu akiwa hajashindwa, na mashujaa wakiwa katika hali mbaya kuliko walivyoanza. Mashabiki waliitikia kama mashabiki wanavyoitikia tamati ya msimu: wengine walilia, wengine walikasirika, wengine walichora picha, wengine waliandika nadharia ndefu kuhusu nani atapona na nani atapotea. Lakini chini ya hisia hizo zote kulikuwa na imani moja. Tamati ya msimu ni ahadi. Msimulizi anapokata hadithi mahali penye hatari kubwa, anamwambia msikilizaji wake: subiri, nitarudi. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo moto ulipokuwa ukizimika na watoto wakisinzia. Hakuna mtoto aliyelala akidhani kwamba asubuhi bibi atamwambia hadithi hiyo haipo tena.

Mwezi Septemba 2021 Rogers alitangaza kwamba tamthilia imesitishwa. Hapakuwa na msimu wa nne. Kile kilichopokelewa kama tamati ya msimu kiligeuka kuwa tamati ya hadithi nzima, bila ya msimulizi wala wasikilizaji kukusudia hivyo. Mashabiki walikusanya saini, wakaandika barua, wakasambaza ujumbe mitandaoni. Hawakufanikiwa. Hadi hapo, hata hivyo, hili lilikuwa jambo la kawaida katika biashara ya televisheni. Vipindi husitishwa kila mwaka, na mwenye kituo ana haki ya kuamua fedha yake itengeneze nini kesho.

Jambo lisilo la kawaida lilikuja mwaka uliofuata.

Kutoka kusitishwa hadi kufutwa

Tarehe 8 Aprili 2022 kampuni ya WarnerMedia, iliyokuwa chini ya AT&T, iliunganishwa na Discovery na kuzaa kampuni mpya, Warner Bros. Discovery. Kampuni hiyo ilizaliwa ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 50. Uongozi wake mpya uliwaahidi wenye hisa kwamba utapunguza gharama kwa mabilioni. Mwezi Agosti mwaka huo ulitangaza kwamba filamu ya Batgirl, iliyoripotiwa kugharimu takribani dola milioni 90 na iliyokuwa katika hatua za mwisho za kukamilishwa, haitaonyeshwa popote. Wakati huo huo kazi kadhaa ziliondolewa katika jukwaa la HBO Max, nyingi zikiwa katuni. Final Space nayo ikakumbwa na panga hilo. Rogers aliwaeleza mashabiki kwamba miaka yake ya kazi na misimu mitatu ya tamthilia imegeuzwa kuwa hasara ya kupunguzia kodi, na kwamba hata nje ya Marekani, ambako ilionekana kupitia Netflix, itaondoka leseni itakapokwisha.

Hapa ndipo mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi anapoingia katika mkasa huu. Netflix ilifungua milango yake katika nchi zetu Januari 2016, na kwa wengi wetu huko ndiko tamthilia hii ilikoonekana. Kijana aliyelipa ada ya mwezi kwa shilingi zake na kununua bando la intaneti ili amfuate Gary na Mooncake aliguswa na uamuzi uliofanywa katika chumba cha mkutano asichokijua, kwa sababu ya deni asilolikopa, chini ya sheria ya kodi ya nchi ambayo si raia wake.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtazamaji wa zamani aliyenunua kanda ya video alikuwa na kanda yake. Kampuni ingefilisika, ingeuzwa, ingebadili jina mara tatu, kanda ingebaki kabatini kwake. Mtazamaji wa leo hana kabati. Amenunua ruhusa ya kuchungulia dirishani, na pazia liko mkononi mwa mwenye nyumba.

Hesabu inavyokwenda

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wanafanya kazi na bajeti na kodi, ni vyema tuieleze hesabu hii kwa utulivu, kwa sababu hasira bila uelewa haifiki mbali.

Kampuni inapotengeneza filamu au tamthilia, gharama yake haihesabiwi yote kama matumizi ya mwaka huo. Kazi hiyo huandikwa vitabuni kama mali, mithili ya jengo au mtambo, na thamani yake hupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kadiri inavyotarajiwa kuleta mapato. Endapo kampuni itaamua kuitelekeza kazi hiyo kabisa, thamani iliyosalia inaweza kuandikwa mara moja kama hasara. Hasara hiyo inapunguza faida inayotozwa kodi. Kiwango cha kodi ya makampuni cha serikali kuu ya Marekani ni asilimia 21 tangu mwaka 2018. Kwa hiyo, kama kazi iliyotelekezwa ilikuwa na thamani ya dola 1,000,000 vitabuni na kampuni ina faida ya kutosha, kodi yake inaweza kupungua kwa dola 210,000. Juu ya hapo, kazi isiyoonyeshwa tena haidaiwi malipo ya marudio kwa waandishi na waigizaji, wala ada za muziki uliotumika ndani yake.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na ni haki tuisikilize. Wanasema: hii si zawadi. Kampuni ilitumia fedha halisi, haikupata mapato iliyotarajia, na kila mfumo wa kodi wenye busara huruhusu hasara ya kweli ikatwe kutoka kwenye faida. Mwenye duka ambaye bidhaa zake zimeharibika hatozwi kodi kana kwamba ameziuza. Ni kweli kabisa.

Lakini mfano huo wa duka haufiki mwisho wa njia. Bidhaa za mwenye duka ziliharibika. Katuni haikuharibika. Ilikuwa nzima, inatazamika, ina watu wanaoitaka, na kuiweka sokoni kwa bei ndogo hakungemzuia mtu yeyote kufanya chochote kingine. Mkulima aliyeliwa shamba na nzige anastahili kuhurumiwa na sheria. Mkulima aliyekusanya mavuno ghalani kisha akawasha kiberiti, kwa kuwa majivu yana faida zaidi kuliko mahindi, anastahili kuulizwa maswali. Na ubaya mkubwa wa kanuni hii ni kwamba haiwezi kutumika nusu nusu: ili hasara yote ihesabiwe leo, kazi inapaswa kuonekana kweli imetelekezwa. Mwenye mali akiigawa au akiiuza kwa bei ndogo, faida ya kikodi inayumba. Kwa maneno mengine, sheria inampa motisha ya kuharibu kuliko kugawa.

Sehemu ya mzigo wa uharibifu huo inabebwa na hazina ya umma. Hapo ndipo suala linapotoka katika ukumbi wa mashabiki na kuingia katika ukumbi wa siasa. Mbunge wa Marekani Joaquin Castro aliona hivyo Novemba 2023, pale kampuni hiyo hiyo ilipotaka kuificha filamu iliyokamilika ya Coyote vs. Acme, alikemea hadharani mtindo huo na kutaka vyombo vya ushindani wa kibiashara viuchunguze. Filamu hiyo, baada ya kelele nyingi za wasanii na watazamaji, hatimaye iliuzwa kwa msambazaji mwingine mwaka 2025. Kumbe iliwezekana. Mnunuzi alikuwepo.

Shabiki hana kila haki

Kabla sijaendelea kuwatetea mashabiki, ni lazima niwawekee mpaka, kwani si kila kilio cha shabiki ni dai la haki.

Mfano wa karibu ni Voltron: Legendary Defender, katuni nyingine ya anga iliyotengenezwa na DreamWorks pamoja na Studio Mir ya Korea Kusini na kuonyeshwa Netflix kuanzia Juni 2016. Msimu wake wa nane na wa mwisho ulitoka tarehe 14 Desemba 2018. Binti mfalme Allura, mmoja wa wahusika wakuu na msichana mwenye ngozi nyeusi, anajitoa mhanga ili ulimwengu upone. Mashabiki wengi walighadhibika. Baadhi walihoji, kwa hoja nzito, kwa nini katika hadithi nyingi mzigo wa kufa kwa ajili ya wengine huangukia mhusika mwenye rangi hiyo. Hoja kama hizo ni uhakiki halali, na darasa lolote la fasihi lingezipokea kwa furaha.

Wengine walivuka mpaka. Walidai kwamba lipo toleo jingine la msimu huo lililofichwa, wakakusanya saini kutaka litolewe. Wengine waliwatukana watayarishaji mmoja mmoja. Hata kabla ya hapo, mwaka 2017, shabiki mmoja aliripotiwa kuitishia studio kwamba angesambaza picha za siri za kazi isiyotoka bado, isipokuwa wahusika wawili aliowapenda wafanywe wapenzi. Huo ni ulaghai wa vitisho, hata kama umevaa fulana yenye picha ya katuni.

Tofauti kati ya visa hivi viwili ndiyo hoja yangu kuu leo. Shabiki wa Voltron aliyetaka tamati ibadilishwe alikuwa akidai mamlaka juu ya kalamu ya msanii. Hana mamlaka hayo. Anaweza kukosoa, kususa, kuandika hadithi yake mwenyewe akaimalizia atakavyo, lakini hawezi kumwamuru mtunzi nani afe na nani aolewe. Shabiki wa Final Space alikuwa akidai kitu kingine kabisa: kwamba kazi iliyokwisha kutengenezwa, kuonyeshwa na kupendwa isiondolewe duniani. Katika dai hilo yuko upande mmoja na msanii, na wote wawili wanamkabili mwenye hati. Tukiyachanganya madai haya mawili, tutawadharau watu wenye hoja kwa makosa ya watu wenye jazba. Na ndivyo makampuni hupenda: kila mtazamaji anayehoji aonekane mtoto aliyenyimwa pipi.

Somo kutoka Japani

Historia ya katuni za anga inatuonyesha pia kwamba mashabiki wamewahi kushinda, na inafaa kuchunguza walishinda kwa njia gani.

Mwaka 1974 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Uchu Senkan Yamato, hadithi ya meli ya kivita iliyofufuliwa na kusafiri angani kuiokoa dunia. Ilipangwa kuwa na vipindi 39. Ikakatwa hadi 26 kwa kukosa watazamaji. Miaka michache baadaye, marudio yake na vikundi vya mashabiki vilikuwa vimeijengea jina kubwa kiasi kwamba filamu iliyounganishwa kutokana na vipindi hivyo mwaka 1977 ilipokelewa kwa foleni ndefu.

Mobile Suit Gundam ilipitia njia ile ile. Ilianza tarehe 7 Aprili 1979 ikiwa imepangiwa vipindi 52. Mdhamini wake alikuwa kampuni ya vinyago, na vinyago havikuuzwa vya kutosha. Tamthilia ikakatwa hadi vipindi 43 na kumalizika tarehe 26 Januari 1980. Mtayarishi wake mkuu, Yoshiyuki Tomino, angalau alipata nafasi ya kuikunja hadithi yake kabla mlango haujafungwa. Kisha marudio yakaongeza watazamaji, na Bandai ikaanza kuuza mifano ya plastiki ya roboti zake katikati ya mwaka 1980. Mashabiki waliinunua kwa pupa. Tarehe 22 Februari 1981, umati uliokadiriwa kufikia watu 15,000, wengi wao vijana, ulifurika Shinjuku jijini Tokyo kwa ajili ya filamu iliyokuwa inakuja, na Tomino akasimama mbele yao kutangaza kwamba zama mpya za sanaa hiyo zimewadia. Leo Gundam ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya burudani ya Japani.

Mwanaharakati asome kisa hiki kwa makini. Mashabiki wa Gundam walikuwa na vitu viwili ambavyo wa Final Space walinyimwa. Kwanza, kazi yenyewe iliendelea kuwepo: vituo viliirudia, na kila marudio yalizaa watazamaji wapya. Pili, walikuwa na njia ya kuonyesha nguvu yao kwa lugha ambayo mwenye mali anaielewa, yaani ununuzi wa pamoja unaoonekana. Saini laki moja mtandaoni humgharimu kila mtu nusu dakika, na mkurugenzi wa fedha analijua hilo. Shughuli ya mashabiki wa leo hufanyika ndani ya majukwaa ambayo takwimu zake za watazamaji huwa ni siri ya kampuni. Unapiga kura katika sanduku ambalo mpinzani wako ndiye anayelihesabu, na hana wajibu wa kutangaza matokeo.

Hata hivyo mashabiki wa Final Space hawakufa moyo. Mwaka 2023 Rogers alitangaza kwamba amepewa leseni ya kuimalizia hadithi yake katika kitabu cha picha, na mashabiki wakaagiza na kulipia mapema ili kitabu kichapwe. Tamati waliyonyimwa kwenye kioo ikawajia kwenye karatasi. Ni ushindi wenye masharti, kwani hata mtunzi alihitaji ruhusa ili amalizie alichokibuni mwenyewe. Lakini karatasi ina sifa moja ambayo jukwaa halina: hakuna mkutano wa wenye hisa unaoweza kuingia chumbani mwako usiku na kukichukua kitabu rafuni.

Kanda zilizookolewa Jos

Kuna atakayesema kwamba kazi za sanaa zimepotea tangu enzi na enzi, na dunia haikuanguka. Ni kweli zimepotea. Swali ni kama tumejifunza.

Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta na kutupa sehemu kubwa ya kanda zake za miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo za Doctor Who, tamthilia yake maarufu ya safari za anga na za nyakati. Kanda zilikuwa ghali, nafasi ilikuwa finyu, na hakuna aliyedhani kwamba mtu angetaka kuzitazama tena. Utaratibu huo haukukomeshwa hadi mwaka 1978. Zaidi ya vipindi 90 vilipotea. Sauti zake zilisalia kwa sababu watazamaji wa kawaida walikuwa wakizirekodi nyumbani, na kwa kutumia sauti hizo BBC yenyewe imekuja kuvitengeneza upya baadhi ya vipindi hivyo kwa katuni, kikiwemo kisa cha The Power of the Daleks mwaka 2016. Taasisi ilitupa, mashabiki wakaokota, taasisi ikarudi kuomba.

Na mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa kupotea milele vimepatikana. Havikupatikana London. Vilikuwa rafuni katika kituo cha televisheni mjini Jos, nchini Nigeria, kwa sababu BBC ilikuwa ikiuza nakala kwa vituo vya nje na nakala hizo hazikuangamizwa zote. Afrika, inayosemwa kila siku kwamba haijui kutunza kumbukumbu, ndiyo iliyotunza kumbukumbu za Waingereza.

Kilichookoa kazi ile ni wingi wa nakala. Kulikuwa na nakala zilizokaa mikononi mwa watu mbalimbali, katika nchi mbalimbali, ambao hawakuwa wakipokea amri kutoka ofisi moja. Mfumo wa sasa umeiondoa kinga hiyo. Netflix ya nje ya Marekani haikuachiwa nakala ya kuhifadhi. Ilikuwa na ruhusa yenye tarehe ya mwisho. Jos ya leo haina rafu.

Nini kifanyike

Nina mapendekezo matatu, nayo si ya Marekani pekee.

La kwanza ni la kikodi. Kampuni yoyote inayotaka unafuu wa kodi kwa kutelekeza kazi ya sanaa iliyokwisha kukamilika au kuonyeshwa iwajibike kutimiza sharti moja: nakala kamili, yenye ubora wa juu, iwekwe katika hifadhi ya taifa, na baada ya muda maalumu umma uruhusiwe kuitazama. Ikiwa mwenye mali amekiri mbele ya mamlaka ya mapato kwamba kazi hiyo haina thamani tena kwake, hana sababu ya kulalamika wengine wakinufaika nayo. Ikiwa bado ina thamani, basi na ailipie kodi.

La pili ni la kihifadhi. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 20 Juni 1992, iliongeza vipindi vya redio na televisheni katika orodha ya kazi ambazo lazima nakala zake zihifadhiwe, na taasisi yake ya INA ikapewa jukumu hilo kwa matangazo. Jambo hili linawezekana, na limefanyika kwa miaka mingi bila kuua biashara ya utangazaji ya nchi hiyo. Sisi Tanzania tunayo Bodi ya Huduma za Maktaba, na kanuni ya wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu tumeizoea. Lakini vijana wetu wanaotunga leo hawachapishi vitabu pekee. Wanatengeneza katuni, tamthilia fupi na filamu, na kuziweka kwenye majukwaa ya nje ambayo seva zake haziko chini ya sheria zetu. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya karatasi haitawafikia. Wenzetu wa Wizara inayosimamia utamaduni na sanaa wangefanya jambo la maana kuanza mjadala huu kabla kazi ya kwanza ya Kitanzania yenye hadhi haijafutwa na mtu ambaye hawezi hata kuitamka.

Mwenye kudhani kwamba hilo ni anasa akumbuke Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nyingi za muziki wa dansi za miaka ya 1960 hadi 1980 zilirekodi katika studio zake, na kanda zikabaki mikononi mwa chombo cha umma. Hali ya utunzaji wake imelalamikiwa mara kwa mara, na kwa haki. Lakini kama nyimbo zile zingekuwa mali ya kampuni moja ya mbali yenye deni la kulipa, leo tusingekuwa na zilipendwa za kupiga Jumapili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na utamaduni ni mali.

La tatu ni la mikataba, na ninalielekeza kwa wanafunzi wanaotarajia kuishi kwa kalamu au kwa kompyuta zao. Olan Rogers aliibuni Final Space, lakini hakuimiliki. Huo ndio utaratibu wa kawaida katika biashara ile: mtoa fedha huchukua hakimiliki. Mtunzi mchanga anaposaini mkataba wake wa kwanza, macho yake huwa kwenye kiasi cha fedha. Aangalie pia vifungu viwili vingine. Je, kazi ikisitishwa, haki zinarudi kwake baada ya miaka mingapi? Na je, kampuni ikitaka kuiondoa hadharani, yeye anayo haki ya kuinunua kwanza, au walau kubaki na nakala? Vifungu hivyo havimgharimu mtoa fedha chochote siku ya kusaini. Siku ya kuunganishwa kwa makampuni, vitakuwa ndivyo vyote alivyonavyo mtunzi.

Neno la mwisho kwa wanaodharau

Najua wapo wazee wenzangu vyuoni wanaoona huruma hii kwa mashabiki wa katuni kuwa ni kupoteza wakati, ilhali kuna mishahara iliyochelewa na zahanati zisizo na dawa. Ninaziheshimu hoja za vipaumbele. Lakini kijana anayejiuliza kwa nini hadithi aliyoipenda imefutwa ameshaanza kuuliza habari za umiliki, kodi, madeni, miungano ya makampuni na mipaka ya sheria ya nchi moja juu ya raia wa nchi nyingine. Miaka nenda miaka rudi tunajitahidi kumfundisha mambo hayo darasani, naye anasinzia. Akija ofisini kwako akiwa na hasira kwa sababu ya Mooncake, usimcheke. Mpe sheria ya hakimiliki aisome, mpe na sheria ya kodi ya mapato, kisha umuulize angeziandikaje upya.